Alama ya := katika Python

Kila nikiandika `while (jina := input("Jina: ")) != "":` nakumbuka jinsi alama hiyo ilivyowagawa watu wa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, mwaka 2018. Pendekezo namba 572 lilitaka thamani ipewe jina papo hapo, ndani ya sharti lenyewe. Waliopinga walisema programu zitakuwa ngumu kusomeka. Mimi naipenda: bila hiyo ningeandika input, amri ya kumwomba mtumiaji aandike kitu, mara mbili: kabla ya kitanzi (sehemu inayojirudia) na ndani yake. Ila mabishano yalipita kiasi. Julai mwaka huo, baada ya kulipitisha, Guido van Rossum aliachia uongozi wa lugha aliyoianzisha mwenyewe. Inaniuma hadi leo. Hakustahili kuchoshwa vile. Toleo la 3.8 lilipotoka Oktoba 2019 likiwa na alama hiyo, maamuzi yalishakabidhiwa baraza la watu 5 wa kuchaguliwa.