Mkaa ukikolea sio kwamba umekuwa salama

Kuna kitu nakisikia sana huku uswahilini kwetu Dar, eti ubaya wa mkaa ni ule moshi wa mwanzo tu, ukishakolea ukawa mwekundu basi ingiza jiko ndani pika zako. Jamani hapana. Moshi unapungua kweli lakini hauishi, na kinachobaki ndo hukioni.

Vumbi la barabarani lina nafuu yake, chembe zake nyingi ni kubwa pua inazidaka, ndo maana ukishuka kwenye bodaboda ukapenga unakuta kamasi jeusi. Kero ndiyo, ila angalau sehemu kubwa imeishia puani. Balaa ni zile ndogo za kwenye moshi wa mkaa wanaziita PM2.5, yaani upana hauvuki maikromita 2.5, unywele mmoja unazizidi unene kama mara 20 au 30 hivi, hizo zinashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu na nyingine zinapenya zinaingia kwenye damu. Ndo pale habari inapoacha kuwa ya kifua. Sisi ukitaja hewa chafu tunawaza pumu, kumbe Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema moshi wa majumbani uliua watu kama milioni 3.2 mwaka 2020 na zaidi ya nusu yao ni magonjwa ya moyo na kiharusi! Kwa watoto chini ya miaka 5 ni nimonia.

Sasa mwangalie mama ntilie alfajiri anawasha: kipande cha ndala kuukuu chini ya mkaa, kiberiti, halafu anapepea na mfuniko wa ndoo kainamia kabisa, mtoto yuko mgongoni. Hapo barakoa ya kitambaa haisaidii sana. Na wale wa kuingiza jiko chumbani mvua ikinyesha ili wapate joto, achaneni na hiyo kitu kabisa, mkaa unatoa na gesi ya sumu inaitwa kaboni monoksaidi, haina harufu, inaua mtu usingizini.

Serikali ilizindua mkakati 2024, inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Sawa, ila mkaa unaununua kwa kopo kwa hela uliyonayo leo, mtungi wa gesi ukiisha unadaiwa hela yote kwa mkupuo, utamlaumu nani? Mimi naona zile mita za kulipia gesi kidogo kidogo kwa simu ndo zingesambazwa kuliko kugawa mitungi ya bure ambayo ikiisha inageuka kigoda.

Mkiwa bado mpo kwenye mkaa basi pikieni uani, washeni kwa vijiti vikavu sio plastiki, na mtoto asogezwe mbali hasa wakati wa kuwasha. Kwangu makande na maharage ndo yalikuwa yananirudisha kwenye mkaa, siku hizi naloweka tangu usiku yanaiva kwa gesi fasta tu, wala mtungi hauishi haraka kama majirani wanavyonitisha.