Mwalimu wa Hesabu Yuko Wapi?

Mkutano uliitishwa saa nne asubuhi, lakini ulipoanza kweli ilikuwa saa nane, na kivuli cha mwembe kilikuwa kimeshawahama wazee waliowahi kufika na kuwaacha juani. Ilikuwa Desemba 2006, katika kata moja ya wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, na ajenda ilikuwa moja tu, nayo ni madarasa. Matokeo ya darasa la saba yalikuwa yametoka, nami nilikuwa miongoni mwa waliofaulu, ila kufaulu kwetu hakukuwa na pa kwenda, kwa sababu sekondari ya kata tuliyopangiwa ilikuwa bado ni msingi wa mawe, kuta zilizofika usawa wa madirisha, na lundo la mchanga ambalo mbuzi walikuwa wamelifanya kitanda.

Watoto hatukualikwa. Mimi niliruhusiwa kukaa nyuma ya mama, ukingoni mwa mkeka, kwa kisingizio cha kumshika mdogo wangu asilie.

Mtendaji wa kata alisoma karatasi yake kwa sauti ya mtu anayejua kwamba naye amesomewa na mtu mwingine siku moja kabla. Kila kaya ingetoa shilingi 10,000 na siku nne za nguvu kazi. Alieleza kwamba Waziri Mkuu, Edward Lowassa, anawabana wakuu wa mikoa, wakuu wa mikoa wanawabana wakuu wa wilaya, na kwamba yeye hana mtu wa kumbana isipokuwa sisi. Watu walicheka kidogo, kwa adabu. Baadaye sana, nilipokuja kusoma takwimu za miaka ile, ndipo nilipoelewa ukubwa wa jambo lililokuwa likitokea: nchi iliyokuwa na shule za sekondari zaidi ya 1,700 mwaka 2005 ilikuwa na karibu 3,500 mwaka 2007. Chini ya mwembe ule sisi tuliona mchanga na mbuzi tu.

Wazazi walianza kusema. Mzee mmoja mwenye shamba kubwa la michungwa aliuliza, kama kila mtoto atakwenda sekondari, ni nani atakayepanda juu ya miti kuchuma. Waliodhani anatania walicheka peke yao. Mama mmoja ambaye binti yake hakufaulu alitaka kujua yeye anachangia ya nani, na mwenyekiti wa kijiji alipomjibu kwamba shule ni ya wote, alisema kwa upole kabisa kwamba ya wote huwa ni ya waliomo ndani. Kisha akasimama mwenye duka kubwa, ambaye watoto wake wote walikuwa wakisoma Ingilishi midiamu mjini Tanga, akaahidi mifuko mitano ya saruji. Alipigiwa makofi marefu. Baba, aliyekuwa amechuchumaa karibu na shina la mwembe, alisema kwa sauti iliyowatosha waliomzunguka, «Anatoa saruji, watoto hatoi.»

Baadaye kidogo akanyoosha mkono, na nilimwona mama akiinamisha kichwa.

«Ndugu mtendaji,» alisema, «nimesikia saruji, nimesikia mabati, nimesikia na misumari. Sijasikia bado mwalimu wa hesabu yuko wapi.»

Mtendaji alijibu kwamba walimu wataletwa na serikali, na kwamba kazi ya wananchi ni jengo.

«Jengo mlinijengea mimi mwaka 1977,» alisema baba.

Hapo watu wazima wote walielewa, na inanibidi nieleze kwa ajili ya wale ambao hawakukulia kwenye nyumba yenye malalamiko hayo. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikutana Musoma na kuamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe ameandikishwa darasa la kwanza. Ule ndio mpango watu waliouita UPE, kifupi cha Kiingereza cha Elimu ya Msingi kwa Wote, wakiutamka yupii. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imeshafutwa mwaka 1973, kwa hiyo watoto walimiminika, na kwa kuwa vyuo visingeweza kutoa walimu wa kuwatosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu huku wanafundisha, kwa masomo ya posta na ya redio. Mitaani wakawazulia jina wakisema kirefu cha UPE ni Ualimu Pasipo Elimu. Mzaha ule haukuwatendea haki, kwa kuwa wengi wao walijitahidi kuliko mshahara wao, lakini baba alikuwa mmoja wa watoto waliokaa chini mbele yao, watoto tisini katika chumba kimoja, na alijiona ana haki ya kuutumia.

«Mimi ni zao la haraka,» aliwaambia. «Nimemaliza darasa la saba bila kumuuliza mwalimu swali hata moja, maana tulikuwa tunamhurumia. Leo mnataka nilipe ili mwanangu naye amhurumie mwalimu wake, tena kwa Kiingereza. Nionyesheni mwalimu, nitatoa 20,000. Bila mwalimu sitoi hata senti.»

Ghasia iliyofuata sikuielewa yote. Nakumbuka mtu akisema baba anapinga maendeleo, na mwingine akisema anaogopa gharama tu ila amepata pa kujificha. Nakumbuka zaidi vidole vya mama, ambavyo muda wote huo vilikuwa vikichomoa ukindu mmoja mmoja kwenye ukingo wa mkeka ambao haukuwa wake.

Usiku walizungumza uani, wakidhani tumelala. Kumbe baba alikuwa na mpango wake: angewauzia wachuuzi wa Mombasa machungwa yetu yangali machanga juu ya miti, kwa bei watakayotaka wao, na fedha hizo angenipeleka shule ya binafsi mjini Tanga, ambako walimu walikuwapo na walilipwa wasiondoke. Mama alimsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo huwa si dalili njema.

«Michungwa unayo arobaini,» alisema, «na watoto unao watano. Huyu asome kwa machungwa, na hao wanne watasoma kwa majani?»

Baba akasema kwamba bora mmoja asome kweli kuliko watano kuandikishwa.

«Wewe unayesema hukufundishwa, barua za mtaa mzima huu anasoma nani? Wakija hao wachuuzi na vikokotoo vyao, wewe unapiga kwa kichwa na unawashinda. Hiyo ulizaliwa nayo? Mimi niliachishwa darasa la nne, Mzee. Najua tofauti ya shule mbaya na kutokuwa na shule.»

Hapakuwa na jibu, au kama lilikuwapo lilitolewa kwa sauti ya chini mno. Kwa miaka mingi nimekuwa nikidhani kwamba usiku ule mama alishinda. Sasa, nikiwa na mtoto wangu mwenyewe katika shule ya serikali, sioni tena kama walikuwa wakibishania jambo moja. Yeye alikuwa akihesabu watoto, na baba alikuwa akipima kile ambacho mtoto angetoka nacho, na kila mmoja alikuwa na maisha yake mwenyewe kuwa ushahidi.

Wiki mbili baadaye mgambo wawili walikuja asubuhi na daftari la wasiolipa. Kwa jirani walikuwa wamechukua beberu. Kwetu walichagua baiskeli. Ilikuwa Phoenix nyeusi, kiti chake kimeshonwa kwa uzi wa katani pale ngozi ilipochanika, na baba aliithamini kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Hakubishana nao. Alisema tu kwamba wangoje kidogo, akachuchumaa, akafungua vali ya gurudumu la mbele, kisha ya nyuma, upepo ukatoka kwa mlio mrefu huku sote tukisikiliza, halafu akachomoa pampu kwenye fremu na kuingia nayo ndani. Mgambo wakaisukuma baiskeli kwa miguu hadi ofisi ya kata, mwendo wa zaidi ya saa moja, na mmoja wao alikuwa mnene.

Baba alitembea kwa miguu siku tatu. Siku ya nne mama aliniita jikoni, akafungua fundo la kanga na kunihesabia shilingi 10,000 za noti ndogondogo, fedha ya upatu aliyokuwa ameisubiri tangu Ramadhani. Aliniambia niende ofisi ya kata, nisisimame popote, na nihakikishe stakabadhi inaandikwa jina la baba.

Niliileta. Baba aliisoma mbele, akaigeuza na kusoma nyuma, ambako hapakuwa na maandishi. Aliuliza kwa nini ina jina lake, na mama, bila kugeuka kutoka jikoni, alisema kwamba siku shule itakapokosa mwalimu, mwenye stakabadhi ndiye mwenye haki ya kwenda kuuliza. Baba aliikunja mara nne na kuiweka kwenye kopo la kahawa pamoja na cheti chake cha darasa la saba. Jioni alichukua pampu, akaenda kuifuata baiskeli yake.

Nguvu kazi hakuikwepa. Alisema kwamba alikataa fedha, jembe hakulikataa, akachimba mchanga siku zake nne na kuongeza ya tano, kwa sababu siku ya nne fundi alikuwa amepinda ukuta na baba hakutaka kuondoka kabla haujabomolewa.

Shule ilifunguliwa Machi 2007, watoto wa shule nyingine wakiwa wameshamaliza miezi miwili. Fomu ya kujiunga ilitaka ada ya kutwa, shilingi 20,000 kwa mwaka, pamoja na ndoo, jembe, fagio la chelewa, rimu ya karatasi, na kiti na meza kwa kila mwanafunzi. Baba aliisoma fomu hiyo kwa uangalifu uleule wa stakabadhi. Kisha akaenda kwa fundi seremala, na kwa siku kadhaa hakutaka kuniambia ameagiza nini.

Asubuhi ya kwanza alifunga mzigo kwenye keria kwa mpira wa tairi, nami nikabeba ndoo, ndani yake daftari, kichwani. Sikuona vizuri alichofunga kwa sababu alikizungushia gunia. Tulipofika palikuwa na vyumba viwili vilivyoezekwa, kimoja hakina sakafu, na wanafunzi zaidi ya mia moja wamesimama na viti vichwani. Mkuu wa shule alikuwa kijana mwembamba mwenye chaki mfukoni mwa shati. Baba alimwamkia kwa heshima ingawa alimzidi umri, akauliza walimu wapo wangapi.

«Wawili, Mzee. Mimi na mwenzangu.»

«Na hesabu?»

Mkuu wa shule alitazama viatu vyake vilivyojaa vumbi la saruji. Alisema kwamba yeye amesomea Kiswahili na historia, na mwenzake jiografia, na kwamba wilayani wameahidi. Nilitegemea baba atageuka na kuutazama umati, au walau kunitazama mimi, kwa ule uso wa mtu ambaye alisema mapema. Alimshukuru tu, akamwambia ana kazi kubwa.

Hesabu ilikuja kuwa na mwalimu miezi saba baadaye, kijana aliyemaliza kidato cha sita na kupigwa msasa wa muda mfupi, mmoja wa wale ambao nchi nzima iliwaita voda fasta. Alikuwa akifundisha mlinganyo mchana baada ya kuusoma usiku, na hakuficha. Kidato cha nne wengi wetu tulianguka somo lile. Mimi niliponea kwenye D, na D hiyo nadaiwa na machungwa, kwa maana baba alikuwa akinikalisha jioni kupiga hesabu za matenga kwa kichwa. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Asubuhi ile alifungua gunia. Meza ilikuwa ya kawaida, ila ndefu kuliko za wenzangu, na mahali pa kiti palikuwa na benchi la mbao ngumu lenye upana wa watu wawili. Nilimwambia kwa kunong'ona kwamba fundi amekosea, fomu imesema kiti.

«Hakukosea,» alisema, huku akilisukuma benchi mpaka miguu yake ikatulia juu ya udongo. Alionyesha kwa kidevu kule mlangoni, ambako watoto wengine walikuwa wakifika mikono mitupu. «Nilihesabu majina kule ofisini nilipofuata baiskeli, na mafundi wa kata hii nawajua. Kaa upande mmoja.»