Basari ya wadi: omba hesabu, yaache majina ya watoto

Shule zikifunguliwa maswali huwa yale yale: basari ya wadi yetu, yaani msaada wa karo, ilikuwa shilingi ngapi, na ilienda wapi? Huulizwa kwenye baraza la chifu, mheshimiwa akacheka, watu wakaguna, basi. Hapa Kenya swali hilo lina njia yake. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza utaratibu.

Unachohitaji ni barua, kwa Kiswahili au Kiingereza. Mwandikie mkuu wa taasisi inayotunza rekodi. Kisheria yeye ndiye afisa wa habari, ila kama amemkabidhi mwingine kazi hiyo. Asiyejua kuandika anafaa kusaidiwa papo hapo ofisini. Ukiulizwa "unazitakia nini?", jibu si sharti. Haki yako haipungui kwa sababu uliyoitoa, wala kwa ile ambayo afisa anakushuku nayo.

Barua nyingi huangushwa na upana. Ukiandika "naomba habari zote kuhusu basari", umempa afisa nafasi ya kusema hakuelewa. Taja wadi na mwaka wa fedha, kisha uombe vitu vinavyoweza kutolewa kwenye faili: jumla iliyotengwa, kiasi kilicholipwa kila shule na idadi ya wanafunzi waliolipiwa, nambari na tarehe za hundi, vigezo vilivyotumika, kumbukumbu za kikao kilichoidhinisha orodha. Swali la "kwa nini mlipendelea upande ule?" halimo kwenye faili yoyote.

Peleka nakala mbili, moja urudi nayo ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Siku 21 ambazo ofisi inapewa kukujibu huhesabiwa kuanzia tarehe hiyo. Ofisi inaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu, kama rekodi ni nyingi mno au inabidi ishauriane na wengine. (Ipo pia njia ya saa 48, ila ni ya mambo ya uhai au uhuru wa mtu. Karo haiingii hapo.) Kuwasilisha ombi ni bure, unachoweza kutozwa ni gharama ya kutoa nakala.

Wengi hupotezea haki yao hatua inayofuata. Siku zikiisha kimya, sheria inahesabu kwamba umekataliwa, na una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ombudsman. Mtu aliyeambiwa "rudi wiki ijayo" akarudi, akarudi tena, hugutuka siku hizo zimekwisha.

Haki hii ina mipaka: usalama wa taifa, siri za biashara, faragha ya watu. Manufaa ya umma yakizidi madhara ya kutoa habari, hata zilizozuiwa zinaweza kutolewa. Kwa basari, mpaka unaokuhusu ni faragha. Fomu ya mwombaji hueleza nani ni yatima, nani mzazi wake ni mgonjwa, nani hana ardhi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari hizo, na hata isingekuwepo, kuzimwaga kwenye kundi la WhatsApp la kijiji ni kumtesa mtoto kwa kosa la mtu mzima.

Kuna pingamizi lenye uzito: bila majina, utawanasaje jamaa za wakubwa? Anza na hesabu. Ukipata kwamba shule fulani ililipwa kwa wanafunzi 40, mwulize mwalimu mkuu hundi ya kiasi gani ilifika. Majina ya wanakamati walioidhinisha hayana faragha ya kudai; walikuwa kazini. Ukiwa na shaka juu ya familia moja, jina hilo moja lipeleke kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, wao wana uwezo wa kudai fomu. Ndiyo, njia hii ni ya polepole.

Kabla ya kusambaza ulichopata, angalia miaka. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, wa shule huanza Januari, na pesa zilizotengwa si lazima ziwe zimelipwa. Tuhuma nyingi za "milioni zimepotea" hutokana na kulinganisha bajeti ya mwaka mmoja na hundi za mwaka mwingine. Hazina ikichelewesha fedha, hundi hufika shuleni mwaka wa fedha ukiwa umefungwa. Tuma waraka mzima, si picha ya ukurasa mmoja, na ukigundua umekosea, masahihisho yaende katika makundi yale yale uliyoyatumia mwanzo.