Watoto Saba wa Halua

Usiku wa kuamkia Ijumaa, Mji Mkongwe

Leo jioni nimemkabidhi hamsta wa mwisho, kinyama kidogo cha jamii ya panya, kwa wenyewe wapya, na nyumba imebakiwa na matundu mawili tu, la Halua na la Tende. Nilidhani ningeona wepesi, lakini tangu baada ya Isha nimekaa ukumbini nikimuwaza yule mmoja niliyemtoa vibaya mwezi uliopita, na naona bora niyaandike mambo yalivyokuwa tangu mwanzo.

Oktoba iliyopita, jirani mgeni aliyekuwa akirejea kwao aliniachia sanduku la kioo lenye hamsta wawili wachanga, ndio hao Halua na Tende, akanihakikishia kuwa wote ni majike. Mama alipowaona alivuta kanga puani. "Mwanangu, panya sisi tunawatega, wewe unawapokea?" Nilimweleza kuwa hamsta hawa wa rangi ya dhahabu asili yao ni Sham, yaani Syria, katika nchi kavu iliyo karibu na mji wa Aleppo ambao Waarabu huuita Halab, na kuwa mwaka 1930 mtaalamu wa wanyama, Israel Aharoni, alipata huko mama mmoja na watoto wake, akawapeleka Jerusalem, na wengi mno wanaofugwa majumbani leo wametokana na uzao huo. Mama alisikiliza, kisha akauliza swali lililonisaidia kuliko yote niliyoyasoma: "Haya, na hapa kwetu atakula nini, atalala wapi?"

Chakula hakikunisumbua. Ulezi, mtama, mbegu za maboga zisizotiwa chumvi na kipande cha tango au karoti kisichozidi ukucha vinapatikana soko la Darajani siku zote, mradi mtu ajue kuwaepusha na machungwa, ndimu, vitunguu, thomu na maharage mabichi. Malazi ndiyo yaliyonishinda mwanzoni, kwa sababu nilimwamini jirani nikawaacha wawili katika sanduku moja. Hamsta wa aina hii akishakomaa huishi peke yake. Hata ndugu wa tumbo moja watapigana mpaka kuuana. Asubuhi moja ya Novemba nilimkuta Tende amejibana pembeni, sikio limechanika, na Halua amesimama mbele yake. Nikawatenganisha hapo hapo, ila nilikuwa nimechelewa, maana Tende alikuwa dume, na mimba ya hamsta ni siku 16 hivi tu.

Watoto walizaliwa saba, wekundu, hawana manyoya, macho yamefumba, kila mmoja hazidi njugu isiyomenywa. Wapwa zangu walitaka kuwashika nikawazuia kwa wiki mbili kamili, kwani mama aliyeshtuliwa huweza kuwala wanawe. Walipotimiza wiki nne nilitenga madume na majike kwa kutazama nafasi iliyopo baina ya matundu mawili ya chini ya mkia, ambayo kwa dume ni ndefu zaidi. Nilijua kuwa kila mmoja karibuni atahitaji sanduku lake, na nyumba yangu ni vyumba viwili.

Wapo walionishauri kwa nia njema niwaachie vichakani, Mungu atawaruzuku. Sikukubali. Mnyama aliyezaliwa ndani ya sanduku hajui kukimbia paka wala kunguru, na sisi wa Unguja hatuna haja ya kufundishwa madhara ya kuleta kiumbe kigeni: kunguru wa India aliletwa hapa miaka ya 1890 ili ale taka za mji, na hadi leo anavunja viota vya ndege wetu.

Basi nikawa na haraka. Alikuja kijana wa mtaa wa pili na boksi la viatu, akasema anampenda hamsta, nami nikampa dume mmoja na pakiti ya ulezi, sikumuuliza neno. Ilikuwa kaskazi imeshika. Yeye alimweka katika tundu la waya chini ya bati, akaenda shamba siku mbili. Alimrudisha amemfunga kwenye gazeti. Nilipolifungua nilimkuta amelala kifudifudi amejinyoosha, manyoya ya tumbo yamegandana, na vifuko vya mashavuni bado vimejaa ule ulezi niliomfungashia. Hamsta hatoki jasho. Kwao hukimbilia mashimo marefu ya chini ya ardhi mchana, na joto likivuka nyuzi 27 au 28 huanza kutaabika. Kijana alilia, wala simlaumu, kwa kuwa mimi niliyejua ndiye niliyenyamaza. Sote tumesomeshwa chuoni Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Usiku ule niliisikia kama imeelekezwa kwangu.

Tangu hapo nimefanya kama tunavyofanya posa ikija: hatutoi jibu mpaka tumepeleleza. Nimekwenda nyumba kwa nyumba kuona mahali atakapokaa, kama pana kivuli na upepo, kama pako chini sakafuni mbali na bati. Nimeuliza nani atambadilishia maji wakisafiri, na nani atakayemtunza hamsta siku mtoto wa nyumba akimchoka, kwani hamsta huishi miaka miwili mpaka mitatu na hiyo kwa mtoto ni mingi. Nimewaonyesha gurudumu la kukimbilia lisilo na mianya, upana wake sentimita 28, ili mgongo usipinde, na nimewaeleza kuwa wakiona kuharisha na mkia umelowa wasingoje kesho. Fundi seremala aliyekuwa akinipa maranda ya mwembe na mfenesi amemchukua mmoja, na yeye mwenyewe aliniambia ameyachekecha vumbi kabla ya kuyajaza sandukuni kwa kina cha sentimita 20. Mfanyabiashara mmoja alitaka wanne kwa pamoja awauze viwanja vya Sikukuu, na bei yake ilikuwa nzuri. Nilimjibu kuwa sina wa kuuza.

Leo ilikuwa zamu ya mtaa wa Jang'ombe, kwa mwanafunzi wa skuli yetu na mama yake. Sanduku wameliweka upande usiopigwa na jua la jioni. Binti aliuliza, "Mwalimu, usiku akikimbia nitamsikia?" Nikamwambia atamsikia, kwa sababu usiku ndio mchana wake, na asimwamshe mchana kwa kutaka kucheza naye. Kabla ya kuondoka nilimwambia mama yake kuwa siku yoyote wakishindwa wanirudishie, hata saa sita za usiku, na sitawauliza sababu.

Umeme umekatika nikiwa naandika. Waliokuwepo Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, tulipokaa gizani miezi mitatu, hawaitegemei feni. Kwenye friza huwa naweka chupa ya maji yaliyoganda. Nimeitoa, nimeizungushia kipande cha kanga kuukuu na kuilaza ubavuni mwa sanduku la Halua kwa ndani. Ametoka shimoni mwake, ameinusa pande zote, kisha amelala na tumbo lake limeiegemea.