Nilivyojifunza kusoma tafiti za panya na virusi vya ubongo

Nikiwa mwanafunzi wa uzamili hapa Moshi nilipewa kazi ambayo wenzangu waliikwepa: kuwaeleza madaktari wa watoto, kwa nusu saa tu, panya wa maabara wametufundisha nini kuhusu virusi vinavyoshambulia ubongo. Hadhira yenyewe si ya mchezo. Hawa ndio wanaopokea mtoto mwenye homa na degedege usiku wa manane, wanampima malaria, wanamtoa maji ya uti wa mgongo, na mara nyingi wanabaki na jibu la "huenda ni virusi" bila kujua ni vipi. Ukiwapelekea habari za panya, uwe na sababu.

Sikumchoma panya hata mmoja. Kazi yangu ilikuwa kusoma. Nilichapisha rundo la makala kwenye stesheneri karibu na geti, kwa sababu kutazama picha za ubongo kwenye simu ni kujitesa macho.

Nilianza na historia, maana ndiyo iliyokuwa nyepesi kumeza. Mwaka 1930 mtafiti Max Theiler alionyesha kwamba panya weupe wanaambukizwa homa ya manjano ukiwachoma virusi moja kwa moja kwenye ubongo. Kabla ya hapo watafiti walitegemea nyani wa Asia, wa gharama na wasumbufu. Lakini panya wa Theiler hakuharibika ini kama binadamu anavyoharibika, alivimba ubongo. Kama sura ya ugonjwa wa binadamu, hakufaa kitu. Hata hivyo kwa kumtumia iliwezekana kupima ukali wa virusi, na kujua kama damu ya mtu ina kinga. Safari hiyo iliishia kwenye chanjo ya 17D mwaka 1937, ile ile tunayochomwa tukitaka kadi ya njano, na tuzo ya Nobel kwa Theiler mwaka 1951.

Afrika Mashariki nayo imo. Mwaka 1937 watafiti wa Entebbe walichukua damu ya mwanamke mwenye homa kutoka West Nile, Uganda, wakawachoma panya kwenye ubongo. Virusi vya West Nile vikajulikana hivyo. Mwaka 1947 Zika nayo ikapatikana kwa njia hiyo hiyo, safari hii kutoka kwa nyani aliyewekwa kwenye msitu wa Zika. Niliviweka vyote kwenye slaidi ya kwanza, makusudi, ili asitokee wa kuniambia haya ni mambo ya Wazungu na mbu wao.

Nilikokwama ni kwenye makala mbili kuhusu TLR3, protini inayosaidia seli kuhisi kwamba virusi vimeingia. Ya mwaka 2004 ilisema panya walioondolewa jeni hiyo walistahimili West Nile vizuri zaidi: bila TLR3 uvimbe unapungua, kizuizi kati ya damu na ubongo hakilegei, virusi vinashindwa kupenya. Ya mwaka 2008 ikasema kinyume, kwamba panya wasio na TLR3 walikufa zaidi. Jeni moja, virusi vya aina moja, majibu yanapishana. Nimpelekee daktari ipi?

Nikampigia rafiki yangu anayeishi Tengeru, ambaye amesomea mambo ya kinga. "Acha matokeo kwanza," akasema, "njoo na kurasa za mbinu." Jumamosi nikapanda Coaster ya Arusha, tukakaa barazani kwake na chai, kila mmoja na kalamu. Jambo moja tukaliona mapema: kwenye ya kwanza virusi viliingizwa tumboni, kwenye ya pili chini ya ngozi ya mguu. Hilo peke yake halimalizi ubishi. Ila lilinionyesha kwamba kila makala ni jibu la swali lililofungwa ndani ya panya fulani, kwa njia fulani.

Jioni ile tukachora jedwali: ukoo wa panya, umri wake, njia ya kuingiza virusi, kiasi chake, na kilichopimwa. Nililijaza kabla ya kugusa muhtasari wa makala yoyote.

Safu ya ukoo ndiyo iliyonifungua macho kuliko zote. Panya wengi wa maabara wana jeni ya Oas1b, mojawapo ya jeni za kinga, iliyokatika, ndiyo maana virusi vya West Nile vinawamaliza haraka. Baadhi ya koo zilizotokana na panya wa mwituni zinayo nzima, na zinastahimili. Zika ni kinyume chake: panya mkubwa wa kawaida haugui. Ndani ya seli za binadamu Zika huvunja protini ya STAT2 ili kuzima interferoni, yaani protini za kinga dhidi ya virusi, lakini STAT2 ya panya inashindwa kuivunja. Watafiti wengi kwa hiyo wanatumia panya asiye na kipokezi cha interferoni. Sawa, sasa anaugua, lakini huyo ni panya aliyenyang'anywa ngao, na mimi matokeo ya chanjo yake nayasoma kwa tahadhari.

Umri haukunichelewesha. Panya wachanga wanaonyonya huugua virusi ambavyo mama zao havitawagusa.

Safu ya "kilichopimwa" iliniletea LCM, virusi ambavyo panya wenyewe hubeba. Ukimchoma panya mkubwa virusi hivyo kwenye ubongo anakufa. Ukimnyima seli T, askari wa kinga ya mwili, anaishi, virusi vikiwa bado ndani yake. Kumbe muuaji ni kinga yenyewe. Katika kuchunguza virusi hivi miaka ya 1970, Peter Doherty na Rolf Zinkernagel kule Canberra, Australia, waligundua jinsi seli T zinavyotambua seli iliyoambukizwa, wakapata Nobel mwaka 1996. Makala zinazohesabu vifo pekee, bila kupima virusi wala uvimbe, nikaanza kuziweka kando.

Siku ya wasilisho muuguzi mmoja aliuliza kuhusu kichaa cha mbwa. Nikamjibu kwamba zamani ubongo wa mbwa aliyeshukiwa uliingizwa kwa panya, akaangaliwa hadi siku 28. Leo vipo vipimo vya kingamwili vinavyotoa jibu ndani ya saa chache, kikiwemo kinachotumia hadubini ya kawaida na kilichokwisha kutumika hapa Tanzania. Aliyeng'atwa hasubiri panya: anaosha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha anawahi chanjo.

Swali lililonibana lilitoka kwa daktari mama mmoja, mkimya tangu mwanzo. Nilikuwa kwenye slaidi ya dawa zilizookoa panya.

"Mwanangu, hiyo dawa walimpa panya lini?"

Nikafunua makaratasi. Nyingine ilitolewa siku ile ile ya virusi. Nyingine kabla.

"Wangu anafika siku ya nne, ameshapita duka la dawa na kwa mganga."

Akachukua nakala yangu ya jedwali, akaongeza safu ya sita kwa kalamu yake: dawa ilianza lini? Wiki ile nikarudia rundo lote kuijaza, na makala kadhaa nilizokuwa nimezipigia mstari mwekundu wa kuzisifia zikashuka hadi chini kabisa.