Mzee alituachia karatasi zake sawasawa

Leo dada yetu mkubwa, msimamizi wa mirathi ya baba, amewasilisha Mahakama ya Mwanzo orodha ya mali na madeni ya marehemu. Sheria inampa miezi 4 tangu ateuliwe. Tumewahi, alhamdulillah.

Tumewahi kwa sababu mzee alijipanga. Hati ya kiwanja, kadi ya pikipiki, cheti cha ndoa, karatasi za benki, vyote kwenye bahasha moja, na wosia aliuhifadhi RITA, wakala wa serikali ya Tanzania unaotunza wosia. Sisi tulishughulikia cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo tu.

Wosia wenyewe walishuhudia baba mdogo na jirani yetu. Kwa wosia wa kimila wa maandishi, anayejua kusoma na kuandika anatakiwa awe na mashahidi wasiopungua 2, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua, 4.

Mama hakuna aliyemgusa. Nimeona wajane wakitolewa vyombo nje kabla hata ya arobaini, jamani, inauma! Waulizeni wazee wenu kwa adabu kuhusu karatasi na wosia, wangali hai.

Bado kubadilisha jina kwenye hati ya kiwanja. Jumatatu tunaanzia ofisi ya ardhi.