Moto Ukifukiwa

Mwaka 2011 nilikuwa nafundisha Kiingereza Kidato cha Tatu katika shule moja ya kata wilayani Kisarawe. Wanafunzi 60 na ushei, nakala sita za riwaya ya *Things Fall Apart* ya Chinua Achebe, zote zimevalishwa magazeti. Moja ilikuwa haina kurasa za mwisho. Waliokuwa wanaisoma hiyo nadhani mpaka leo wanajua Okonkwo, mhusika mkuu, yu hai.

Getini palikuwa na kibao: Kiingereza tu. Watoto waliosoma miaka saba kwa Kiswahili walikipita kile kibao wakawa kimya kama maji mtungini.

Siku hiyo tulifika sura ya 17. Okonkwo amekaa mbele ya moto usiku, anamuwaza Nwoye, mwanawe aliyekimbilia kwa wamisionari. Yeye ambaye watu walimwita Moto Ungurumao, kazaaje mtoto legelege? Anashusha pumzi. Gogo linaloungua nalo linashusha pumzi. Ndipo inamjia: moto ulio hai huzaa jivu la baridi, lisilo na nguvu.

Nikaandika maana ya sitiari ubaoni kwa Kiingereza, kama nilivyofundishwa chuoni. Wakanakili. Nikauliza jivu ni nani. Kimya. Msichana wa mbele akalitafuta kwenye kamusi lile neno la Kiingereza analotumia Achebe kulielezea jivu, akakuta "hanithi", akafunga kamusi haraka. Jirani yake alishaona. Kicheko kikazunguka darasa zima. Mwingine akauliza, kwa Kiingereza cha kuungaunga, kama gogo lile lilikuwa la kichawi.

Nikachoka. Nikawaambia, haya, semeni kwa Kiswahili.

"Madam, kumbe ni moto huzaa jivu?"

"Bibi anamwambiaga hivyo baba mdogo akirudi amelewa!"

Ikaonekana nusu ya darasa wana jivu lao nyumbani. Nilishashika chaki nimalizie somo, nimeridhika, pale kijana mmoja wa nyuma aliposimama. Kwao walikuwa wanachoma mkaa. Kila Jumatatu alikuja na kucha nyeusi na macho mekundu ya moshi. Tangu Kidato cha Kwanza sikuwahi kumsikia akijibu swali.

"Madam, Okonkwo kakosea."

"Kakosea nini?"

"Moto ukiachiwa hewa ndio unazaa jivu. Sisi tunapanga magogo, tunafunika majani, juu tunafukia udongo. Tunaacha vitundu vya moshi tu. Usiku unalala palepale. Udongo ukipasuka unawahi kuziba, ukichelewa asubuhi unakuta jivu tupu. Lakini ukiulinda, unazaa mkaa. Na mkaa unawaka tena."

Alikuwa anaonyesha kwa viganja jinsi ya kuziba ufa, anapigapiga hewa taratibu.

"Sasa Nwoye?"

"Nwoye baba yake alikuwa anamwakia tu. Hajafukiwa."

"Na udongo ni nini?"

Hapo akakwama, akaangalia dari. Aliyejibu ni yule msichana wa kamusi, bila kunyoosha mkono: "Udongo ni mama yake, Madam. Si alikuwa anapenda hadithi za mama, baba akamtoa huko akamkalisha kwenye hadithi za vita?"

Sikuwa na la kuongeza. Nilikuwa nimeisoma riwaya ile mara nne.

Mara makamu mkuu wa shule akasimama dirishani, dirisha lenyewe halina kioo. Nikapaza sauti kwa Kiingereza, nikauliza kama wote wameelewa. Wakaitikia kwa pamoja kwamba ndiyo. Akaendelea na safari yake.

Kwenye mtihani wa muhula niliweka swali lile. Mwongozo wa kusahihisha nilikuwa nimeuandika mwenyewe, aya nzima kuhusu baba kukatishwa tamaa na mwanawe. Yule kijana aliandika mstari mmoja: "Okonkwo fire get too much air."

Nikampa 7 kati ya 10. Tatu nilizikata kwa ajili ya sarufi.